Mlango wa Gereji Katika Baridi ya Kinangop: Maswali ya Kumuuliza Fundi Kabla ya Kumlipa

Mlango wa gereji huwekwa mwisho, nyumba ikiwa imekwisha kujengwa na pesa nazo zikiwa zimekwisha. Hali hiyo huwafanya wakazi wengi kutafuta bei kwanza na fundi baadaye. Katika kaunti za joto na ukavu, mlango uliotengenezwa ovyo unaweza kumsitiri mwenyewe kwa miaka mingi. Nyandarua haina subira hiyo. Msimu mmoja wa mvua ya masika, kisha manyunyu na ukungu wa Julai na Agosti, hutosha kuonyesha kutu kwenye maungio, bawaba zilizolegea na mlango unaosugua sakafu.

Gereji inayozungumziwa hapa ni chumba cha kuegesha gari nyumbani, ingawa katika maboma mengi ya Kinangop, Kipipiri na Ol Joro Orok gari ni mgeni tu ndani yake. Mumo humo huwekwa viazi vya mbegu, chakula cha ng'ombe, mbolea, pikipiki na mitungi ya maziwa. Mlango ukiharibika, hasara haiishii kwa mlango.

Yafaa kuanza na baridi yenyewe, kwa kuwa wauzaji wengine huitumia kutisha wateja. Sehemu kubwa ya nyanda za Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi mikavu, hasa Januari na Februari, usiku usio na mawingu huweza kuleta sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani, na wakulima wa viazi wanajua inavyounguza shamba kwa usiku mmoja. Hata hivyo, baridi hiyo haitoshi kuvunja chuma wala kukipinda. Mlango wa chuma wenye upana wa mita 3 ukipoa usiku na kupata joto la jua la mchana, tofauti ya nyuzi 30, hurefuka kwa takriban milimita 1 tu. Fundi anayemwambia mteja kwamba mlango umekwama kwa sababu "chuma kimevimba na baridi" anatafuta kisingizio. Kwanza, baridi hukifanya chuma kinywee. Pili, milimita moja haiwezi kuzuia mlango uliopimwa vizuri.

Adui wa mlango katika kaunti hii ni maji, na baridi ndiyo inayomsaidia. Chuma hupoa haraka kuliko hewa inayokizunguka. Usiku unapoingia, unyevu ulio hewani hugeuka matone juu ya bamba na ndani ya bomba za fremu, mahali ambapo macho hayafiki. Asubuhi jua huchelewa kwa sababu ya ukungu, na maji hayo hukaa hapo kwa saa nyingi. Jambo hilo likirudiwa karibu kila siku kwa miezi kadhaa, kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya nje huwa bado inang'aa siku ambayo sehemu ya chini ya fremu inabonyea kwa kidole.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa fundi yeyote liwe hili: maji yatakayoingia ndani ya bomba yatatoka wapi?

Fundi anayeijua kazi ya ukanda huu atakuwa na jibu kabla swali halijaisha. Huenda akasema kwamba hufunga ncha zote za bomba kwa kuchomelea mzunguko mzima, bila kuacha mwanya, hivyo hewa yenye unyevu haiingii. Au atasema kwamba hutoboa tundu dogo la milimita 6 hadi 8 upande wa chini kabisa wa kila bomba ili maji yadondoke. Majibu yote mawili ni sawa. Anayeshangaa swali hilo, au anayejibu kwamba "rangi itazuia", ni fundi ambaye pengine ana mkono mzuri wa kuchomelea lakini hajawahi kurudi kutazama kazi yake baada ya miaka mitatu.

Swali la pili ni la rangi. Katika karakana nyingi za jua kali, kazi huanza saa moja asubuhi, na rangi ndiyo hupakwa mapema ili ikauke kabla mteja hajafika. Saa hiyo, Njabini au Engineer, chuma huwa kimelowa umande hata kama hauonekani. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu haishiki. Hubanduka vipande vipande ndani ya mwaka mmoja, na chini yake kutu huwa tayari imetanda. Kanuni inayofuatwa na wapaka rangi za chuma ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande huanza kutanda. Kwa lugha ya karakana, maana yake ni kungoja hadi saa nne au saa tano, jua liwe limekipiga chuma, na kuacha kabla ya saa kumi jioni. Siku ya ukungu wa kutwa, rangi haipakwi kabisa. Mteja anayemharakisha fundi katika siku kama hiyo anajidhulumu mwenyewe.

Kabla ya rangi, kila mahali palipochomelewa panahitaji kusuguliwa hadi pang'ae, maganda meusi yaliyoachwa na moto yatolewe, kisha pakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ile nyekundu inayofahamika madukani. Chuma kilichopakwa zinki kiwandani kinahitaji uangalifu zaidi. Moto wa kuchomelea huiunguza zinki na kukiacha chuma kitupu pale pale kwenye ungio, ambapo maji hupenda kukaa. Fundi mzuri hurudishia rangi yenye zinki sehemu hizo. Moshi mweupe unaotoka zinki inapoungua pia ni hatari kwa mapafu ya fundi mwenyewe, na karakana inayofanya kazi hiyo ndani ya chumba kilichofungwa inaonyesha jinsi inavyoyajali mambo kwa jumla.

Uzito hausemi uongo

Unene wa bamba ndipo wateja wengi hupunjwa, kwa sababu rangi ikishapakwa hakuna anayeweza kuutambua kwa macho. Fundi hutaja "geji 16" na kutumia geji 18, au hutaja geji 18 na kutumia iliyo nyembamba zaidi. Geji 18 ni takriban milimita 1.2, na geji 16 ni takriban milimita 1.5. Namba ikipanda, chuma huwa chembamba, jambo linalowachanganya wengi.

Njia ya kujikinga iko katika boma la kila mkulima wa viazi: mizani. Bamba la chuma la futi 8 kwa futi 4, lenye unene wa milimita 1.2, huwa na uzito wa karibu kilo 28. La milimita 1.5 huwa karibu kilo 35. La milimita 1 ni kilo 23 na ushei. Tofauti hizo ni kubwa kiasi kwamba hata mizani ya kawaida ya sokoni huzionyesha. Mkulima ambaye hakubali gunia la kilo 50 lirefushwe kwa wavu hana sababu ya kukubali bamba bila kulipima. Wakati mzuri wa kupima ni siku vifaa vinapofika kutoka dukani, kabla ya kukatwa. Afadhali zaidi, mwenye boma aende dukani mwenyewe, alipe na achukue risiti yenye unene ulioandikwa, kisha ufundi ulipwe kando.

Mlango wa kawaida wa gari moja, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1, unahitaji bamba la eneo la mita 5 za mraba hivi. Kwa unene wa milimita 1.5 hiyo ni karibu kilo 59 za bamba pekee, kabla ya fremu, komeo na mapambo. Mlango ukigawanywa mabawa mawili, kila bawa lenye fremu huweza kukaribia uzito wa gunia la viazi. Uzito huo unaning'inia kwenye bawaba mchana na usiku, na mara nyingi watoto huupanda wakicheza. Bawaba mbili hazitoshi. Kila bawa linahitaji tatu, na nguzo zake zishikwe kwa vyuma vilivyozikwa ndani ya saruji ya ukuta, wala si kwa misumari iliyopigwa juu ya plasta. Mlango wa chuma unaoanguka unaweza kuua mtoto. Hilo ndilo jambo moja katika orodha hii ambalo haifai kulijadili bei.

Upepo nao huongeza mzigo. Upepo wa Kinangop uliwahi kuwavutia wawekezaji waliotaka kujenga kituo cha umeme wa upepo, na bawa la mlango lililoachwa wazi hugeuka tanga mbele yake. Fundi aulizwe bawa litashikwa na nini likiwa wazi. Jibu liwe ndoano imara kwenye nguzo iliyosimikwa, maana jiwe linaloegemezwa mlangoni husahaulika.

Sakafu na kizingiti

Fundi wa chuma na fundi wa mawe aghalabu hawakutani, na hapo ndipo tatizo la sakafu huzaliwa. Kizingiti cha gereji kinapaswa kuteremka kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie wala yasituame chini ya mlango. Ukingo wa chini wa mlango uwe juu ya saruji kwa sentimita moja hadi mbili, na mwanya huo uzibwe kwa mkanda wa raba unaoweza kubadilishwa. Mlango unaogusa saruji moja kwa moja hunyonya maji kila siku. Kama sakafu tayari imemwagwa ikiwa imeteremka kuelekea ndani, dawa ni mfereji mdogo mbele ya mlango. Fundi anayekuja kupima bila kumwaga hata kikombe cha maji aone yanakoelekea, amepima nusu ya kazi.

Wanaopendelea mbao wana hoja zao. Mbao haitoi jasho kama chuma, huzuia baridi vizuri zaidi, na mti wa sipresi hupatikana kwa urahisi. Lakini mbao huvimba kwa upana wakati wa mvua. Mbao iliyopasuliwa wiki iliyopita na kugeuzwa mlango wiki hii itapinda. Anayeuza mlango wa mbao aulizwe mbao zake zilikaushwa kwa muda gani na wapi, na aonyeshe mahali palipoachwa nafasi ya kuvimba.

Joto likifungiwa ndani, hewa pia hufungiwa

Baridi huwafanya watu watake mlango usiopitisha hata uzi. Baadhi ya mafundi sasa hutengeneza milango yenye mabamba mawili na povu gumu katikati, na kwa kweli hiyo hupunguza baridi na matone ya ndani. Wanaoagiza milango ya namna hiyo wazingatie mambo mawili. Kwanza, kazi yote ya kuchomelea imalizike kabla povu halijatiwa, kwa maana cheche moja hutosha kuliwasha. Pili, chumba kibaki na njia ya hewa.

Hilo la pili linahitaji mkazo. Gari linalowashwa asubuhi "lipashe moto" ndani ya gereji iliyofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Jiko la makaa linalowekwa humo usiku, ili vifaranga au mlinzi wapate joto, hutoa gesi hiyo hiyo. Haina rangi wala harufu, na anayeivuta huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, kisha huzimia. Gereji nyingi zimeungana na nyumba kwa mlango wa ndani, kwa hiyo gesi huwafikia waliolala. Kila gereji inahitaji matundu ya hewa yasiyozibika, mengine karibu na sakafu na mengine karibu na dari, yenye wavu wa kuzuia panya. Fundi anayejitolea kuyaziba ili chumba "kishike joto" akataliwe. Na hata kukiwa na matundu, gari liwashwe likiwa limetolewa nje, na jiko lisilazwe ndani.

Matundu hayo yana faida nyingine. Viazi vilivyohifadhiwa hupumua na kutoa unyevu. Pasipo hewa, unyevu huo hupanda, hugusa bamba lenye baridi na kudondoka juu ya magunia. Wakulima wengi hulaumu paa kwa kuvuja ilhali mvua haijanyesha.

Milango ya springi na ya umeme

Milango inayopanda juu kwa reli imeanza kuonekana katika nyumba mpya za Ol Kalou na kandokando ya barabara kuu. Uzito wake hubebwa na springi nene iliyokazwa juu ya lango. Springi za kawaida hutengenezwa zidumu kwa takriban mizunguko 10,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kufungua na kufunga. Nyumba inayotumia mlango mara 4 kwa siku itafika hapo katika miaka 7 hivi, na mapema zaidi springi ikishika kutu. Anayeuza mlango huo aulizwe kama ana springi ya akiba na ni nani atakayekuja kuibadilisha. Iwapo fundi pekee anayeijua yuko Nairobi, gharama ya safari zake ihesabiwe tangu mwanzo. Mwenye nyumba asijaribu kulegeza boliti za springi hiyo mwenyewe. Nguvu iliyojikunja ndani yake huweza kurusha chuma na kuvunja mkono.

Mlango wa mota lazima uwe na kamba au kishikio cha kuuachilia kwa mkono stima ikipotea. Grisi nzito huganda kidogo alfajiri na kuilemea mota, hivyo mafuta mepesi yanafaa zaidi kwenye reli na magurudumu.

Karatasi na malipo

Ustadi wa fundi unaweza kuthibitishwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwapa mtihani wa gredi mafundi, wakiwemo waliojifunzia kazini bila kuingia darasani, na kuwapa vyeti vya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, nayo huidhinisha mafundi stadi wa ujenzi. Cheti si kila kitu, na wapo mafundi hodari wasio nacho. Basi fundi wa namna hiyo aonyeshe kazi. Aombwe mahali pawili palipo na milango aliyoiweka, angalau mmoja ukiwa umepita misimu miwili ya mvua. Mteja akifika huko apige magoti atazame ukingo wa chini, kisha amuulize mwenye boma kama fundi aliwahi kuitwa arudi, na kama alirudi.

Makubaliano yaandikwe hata kama fundi ni jirani au ni mtoto wa rafiki. Ukurasa mmoja unatosha: vipimo, unene wa bamba na wa bomba, idadi ya bawaba, rangi ya msingi na ya juu, tarehe ya kumaliza, bei, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo. Pande zote mbili zitie sahihi na kuandika namba za vitambulisho. Malipo yafanywe kwa awamu kupitia M-Pesa au benki, na ujumbe usifutwe. Fundi anayetaka pesa zote kabla ya kukata chuma cha kwanza aachwe.

Mzozo ukitokea, mteja hayuko bila kinga. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Usimamizi wa biashara ya haki na utoaji wa leseni za biashara ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo malalamiko dhidi ya karakana yanaweza kuanzia katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo. Madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, ambako mlalamishi anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ukurasa ule wenye sahihi na jumbe za M-Pesa ndivyo ushahidi utakaoulizwa kwanza.

Sehemu ya mwisho ya malipo, tuseme moja ya kumi, ibaki mkononi mwa mteja hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe, na hilo liandikwe katika makubaliano ili fundi asione ametegwa. Asubuhi baada ya mvua hiyo, wote wawili waufungue na kuufunga mlango, watazame matone yanadondokea wapi kutoka kwenye yale matundu ya chini, wakague sakafu kwa ndani, kisha pesa zilizobaki zilipwe.